Kidari cha Mbuzi wa Ndeshi

Kaeni vizuri, kesi hii mtaiamua ninyi. Walikuwapo watu watatu wenye vipaji vitatu.

Haikaeli, daktari wa damu, alijua kuzitafuta mwilini zile seli chache zinazozaa damu yote. Masoud, mtaalamu wa maabara, alijua kumfuga kirusi: alimwondolea ugonjwa wake, akambebesha jeni isiyo na kasoro, akamtuma aifikishe ndani ya seli. Bupe, muuguzi, alijua kumlinda mtu aliyeishiwa kinga.

Ndeshi, binti wa Mzee Eliamani wa Marangu, alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Maji baridi tu yalitosha kumlaza hoi kwa maumivu.

Haikaeli akazichuja seli hizo za Ndeshi. Asingezipata, Masoud asingekuwa na pa kuiweka jeni.

Masoud akaziwekea jeni. Asingefanya hivyo, zingerudi mwilini kuzaa damu ileile.

Kisha dawa kali zikaufagia uboho wa zamani mifupani mwake, seli zile zipate makao. Siku hizo hata mafua yangemuua Ndeshi. Bupe alimlinda, akamchekesha, akamfukuza mlangoni kila mwenye chafya, Mzee Eliamani akiwamo.

Mwaka uliofuata Ndeshi alijitosa kwenye mfereji wa maji ya mlimani, akatoka akitetemeka na kucheka. Kesho yake akaamka mzima. Mzee akachinja mbuzi.

Katika ukoo wao, anayepewa kidari kwenye sherehe ya mtoto ndiye huhesabiwa kuwa amempa uhai. Mzee alikuwa anapima kwa kisu akikate vipande vitatu, mdogo wake Aminieli akamshika mkono.

"Kaka, hicho hakigawanywi. Ni cha mmoja."

Wale watatu wakaanza kusukumiana. Haikaeli akasema ni cha Masoud, Masoud akasema ni cha Bupe. Bupe akasema yeye anakipokea, mradi na mahari ya Ndeshi ije kwake. Ua mzima ukaangua kicheko.

Ndeshi naye alicheka, kisha akasogea karibu na baba yake.

"Baba, na mama je? Alinikanda kwa maji moto miaka yote, ndiyo maana hawa walinikuta hai."

Mzee akatazama migombani, alikozikwa mkewe kabla matibabu hayo hayajafika. Akawatazama wale watatu, wanamchekea. Akamtazama binti yake, nywele bado zimelowa maji ya mfereji, maana tangu jana hatoki humo.

Kidari kinapoa, wageni wana njaa, na kisu kiko mkononi mwake. Je, ungekuwa wewe, ungempa nani?