Mwalimu Aliyekalia Mikono Yake

Wapendwa, katika karakana ya chuo kikuu kimoja palikuwa na mwalimu wa kuchomelea vyuma. Wanafunzi aliwapenda kama wanawe. Ila alikuwa na tabia moja: mwanafunzi akitoboa bomba kwa moto, humsikii akigomba. Husema tu, "Lete hapa, mwanangu," akachukua kishikio cha kuchomelea, akamaliza mwenyewe.

Mwaka ule wanafunzi wakatengeneza kiti cha magurudumu cha mama mmoja muuza vitumbua, asiyeweza kutembea. Kikatoka kizuri, watu wakapiga makofi. Nani alikichomelea? Mmeshajua.

Baadaye mwalimu akapasuliwa jicho. Daktari akamwonya, "Moto wa kuchomelea usiutazame mpaka nikuruhusu." Juma lile lile yule mama akaletwa karakanani, amebebwa mgongoni na jirani. Fremu ya kiti ilikuwa imekatika akienda sokoni.

"Haya, iungeni," mwalimu akasema.

Wanafunzi wakatazamana. Binti mmoja akajibu kwa upole, "Mwalimu, kuona tumekuona sana. Kushika hatujashika."

Maneno yale yakamwingia. Kumbe muda wote ule alikuwa akiwasaidia, au akiwanyima?

Akavuta kigoda, akaupa moto mgongo. "Washa, mwanangu. Mimi nitasikiliza."

Binti akawasha. Moto ukapasukapasuka, bomba likatoboka. Mkono wa mwalimu ukanyanyuka wenyewe kudai kishikio. Akaurudisha, akaikalia mikono yote miwili.

"Nimeharibu, Mwalimu."

"Nimesikia. Umekawia mahali pamoja. Ziba tundu, uanze tena."

Yule mama naye akasema, "Usiogope, mwanangu. Vitumbua vyenyewe vimeshapoa, sina haraka."

Binti akacheka, mkono ukatulia. Safari hii moto ukavuma taratibu, sauti moja, mpaka mwisho. Mshono wa chuma ulikuwa na makunyanzi, haupendezi. Binti akakaa yeye kwanza kitini, akajirusharusha. Kikamhimili. Mama akaondoka nacho.

Ndugu zangu, sisi tumewapokonya wangapi kishikio? Kijana anasali kwa kigugumizi, tunamdakia. Binti anakosea wimbo, tunamketisha. Tunasema ni huruma. Hebu tuambizane ukweli: tunaogopa chuma kitaharibika, au tunaiogopa siku watakayoweza bila sisi? Mungu, asiyeshindwa na lolote, ametukabidhi kazi yake tuishike kwa mikono hii inayotetemeka, na tukiitoboa, yeye hatupokonyi. Basi sisi ni nani hata tuwapokonye wengine?