Kibao cha Mlango wa Darasa la Awali

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo baadhi yenu mnaonisikiliza mliiwahi, mtoto hakuulizwa cheti cha kuzaliwa ili aingie shule. Aliulizwa sikio. Alisimamishwa mbele ya mwalimu, akaambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, alishike sikio la kushoto. Akilifikia, amekua, aandikwe. Asipolifikia, hajakua, arudi nyumbani akale, aje mwakani.

Ndivyo ilivyokuwa katika shule ya Mtambuo, juu milimani, mahali penye baridi ambapo mtoto havui sweta hata jua likiwaka. Mwalimu mkuu wa shule hiyo alikuwa Mwalimu Nakijwa, mwanamke wa maneno machache. Kila Januari alitia sahihi orodha mbili: ya waliopokewa na ya waliorudishwa. Ile ya pili hakuwahi kuisoma. Aliitia sahihi, akaifungia kabatini.

Mwaka huo wazazi walikuwa wamejenga chumba kipya cha darasa la awali. Kamati yao ikaamua kwamba siku ya ufunguzi kitapigiliwa kibao juu ya mlango, na juu ya kibao litaandikwa jina la mtumishi wa shule aliyewatendea watoto wema kuwazidi wenzake. Jina moja tu.

"Mkiandika matatu, mmewaandika wote," alisema mwenyekiti wa kamati, "na mkiwaandika wote, hamjamshukuru mtu."

Wa kulichagua jina hilo alikuwa Mwalimu Nakijwa. Ufunguzi ulikuwa Ijumaa. Jumatatu watoto wakaja kupimwa.

Katika foleni alikuwamo Namkunda, ameshikwa na mama yake. Mwaka wa kwanza alikuja: mkono ukapanda, ukafika begani, ukakoma. Mwalimu Eliamani, mwalimu wa darasa la awali, akasema, "Bado. Mwakani." Mwaka wa pili akaja: mkono ukapanda, ukafika begani, ukakoma. Mwalimu Eliamani akasema, "Bado. Mwakani." Sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Namkunda alikwisha kuwazidi kimo wote waliokuwa mbele yake, na mikono ya sweta yake ilikuwa imeongezwa mara mbili kwa uzi wa rangi nyingine.

"Huyu akiingia awali, na mimi mniandike," alisema mzazi mmoja nyuma, na foleni ikacheka.

Afisa Elimu wa Kata, aliyekuja kushuhudia, hakucheka. "Mama," alisema, "mtoto huyu akishindwa leo, umri umemtupa mkono. Mwakani usimlete."

Mama akamwachia mkono. Namkunda akasogea mbele. Mkono ukapanda. Ukafika begani. Ukakoma.

Kicheko kikakatika. Mwalimu Nakijwa akaona mambo mawili kwa pamoja: Bi Siwema, mpishi wa uji, amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi, midomo ameifumba kama mwenye maji kinywani; na Mzee Sengondo, mlinzi, ameacha geti wazi anakuja mbio mbio, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Mwalimu Mkuu, mtoto huyu anasoma."

"Anasoma wapi, Mzee, naye hajakanyaga darasa?"

"Getini kwangu. Miaka miwili anamsubiri dada yake pale hadi adhuhuri. Nimemwandikia herufi kwa mkaa nyuma ya geti, na yeye huziandika chini yake. Mpeni kitabu mnachotaka."

"Mzee," alisema Afisa, "leo tunapima mkono. Vitabu ni vya waliokwisha kupimwa."

Kalamu ya Mwalimu Eliamani ilikuwa juu ya jina la Namkunda, tayari kulikata. Mwalimu Nakijwa aliitazama kalamu ile. Kalamu haikushuka. Mwalimu Eliamani alikuwa anamtazama mtoto, na mtoto, aliyedhani kazi imekwisha, alikuwa anafuta machozi kwa kiganja cha kushoto.

"Namkunda," alisema Mwalimu Eliamani polepole, "hebu jaribu huo."

Mkono wa kushoto ukapanda, ukavuka utosi, ukashuka, ukalishika sikio la kulia kwenye ndewe, na vidole vikabakiza nafasi ya kuchezea.

Bi Siwema akaja, akaweka mwiko chini, akaivuta shingo ya sweta ya mtoto kwa upole. Kovu lilitoka kwapani likapanda hadi begani, limekunjamana, limelifunga bega.

"Alimwagikiwa uji wa moto akiwa na miaka mitatu," alisema. "Ngozi ilipona imejishona."

"Umejua tangu lini?" aliuliza Mwalimu Nakijwa.

"Mwaka juzi. Alinyeshewa, nikamvua sweta nimkaushe jikoni. Mama yake akanipigia magoti nimsitiri, asije akaitwa mama aliyemchoma mwanawe. Nikamsitiri."

"Nilidhani mkono utalegea," alisema mama, macho mchangani. "Kila Januari nilidhani umelegea."

Mwalimu Eliamani akaandika jina la Namkunda kwenye orodha ya waliopokewa. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa herufi kubwa, akisoma kwa sauti kila neno alilolitia: kwamba yeye alimrudisha mtoto huyu mara mbili kwa sababu ya mkono mgonjwa, na hakuuliza.

"Kijana, fikiri," alisema Afisa. "Karatasi hiyo nikiipeleka wilayani, huenda darasa hili jipya likafundishwa na mtu mwingine."

"Ipeleke, mkuu."

Hayo yalikuwa ya Jumatatu. Kuanzia Jumanne, Mwalimu Nakijwa hakupata utulivu. Alifungua kabati, akazitoa orodha za waliorudishwa, akaliona jina la Namkunda mara mbili, na mara mbili sahihi yake chini. Akajua kwamba jina lolote atakaloliandika litakuwa limeandikwa na mkono huo huo.

Ijumaa ikafika. Wazazi walijaa uani. Kibao kilikuwa kimepakwa rangi nyeupe, kimelazwa juu ya benchi, kopo la rangi nyeusi kando yake. Mwalimu Nakijwa akawaita mbele watumishi watatu waliohusika na Namkunda, akamwambia kila mmoja aseme la kwake kabla hajaamua.

Bi Siwema akasema: "Mimi sikuomba kibao. Lakini mmeniuliza. Miaka miwili mtoto huyu amekunywa uji wangu, nami nilikatazwa kumpa asiyekuwamo kwenye orodha. Angeshinda njaa getini, angekata tamaa na njia ya shule. Mimi ndiye niliyemfanya arudi kesho."

"Ulilijua kovu ukafunga mdomo," alisema Mzee Sengondo. "Neno lako moja lingemwingiza mwaka jana."

"Siri haikuwa yangu, Mzee. Ilikuwa ya mama yake. Wewe ungeitoa?"

Mzee Sengondo akalipita swali hilo. "Mimi nimemtia herufi kichwani. Mlango ulipofunguka, aliingia anasoma, hakuingia anashangaa. Walimu wenye mishahara ya kufundisha walimfukuza, mlinzi akamfundisha."

"Aliandika kwa mkono upi, Mzee?" aliuliza Mwalimu Eliamani.

"Wa kushoto."

"Kwa miaka miwili. Na hukushangaa?"

"Nilidhani ni mashoto. Na kama ningesema lolote, mngeniuliza mtoto asiye wa shule anafanya nini getini kwangu. Nina wajukuu wanaonitegemea."

Kisha ikawa zamu ya Mwalimu Eliamani. Alisimama, mikono nyuma. "Bi Siwema alijua akanyamaza. Mzee alifundisha akaficha. Mimi sikujua, na nilipojua sikunyamaza wala sikuficha. Nimeandika kosa langu kwa jina langu, na barua ya wilayani, ya kuniacha au kuniondoa, sijaipata bado. Wao hawakuhatarisha kitu Jumatatu ile."

"Mwenzetu," alisema Bi Siwema, naye hakupaza sauti, "mlango ulioufungua ni ule ule ulioufunga."

Uani pakazuka minong'ono. Wengine walisema Siwema, wengine Sengondo, wengine Eliamani, na wale wa Siwema wakaacha kuwatazama wale wa Sengondo. Mwenyekiti akainua mkono. "Mtoto mwenyewe yupo. Achague yeye, yaishe."

"Hapana," alisema Mwalimu Nakijwa. "Tumemrudisha mara mbili. Hatutamtwisha na hili. Kuchagua ni kwangu. Yeye ataandika tu, kwa kuwa ndiye wa kwanza kuingia chumba hiki akiwa anajua kuandika."

Akamwita. Namkunda akaja, akapiga magoti mbele ya benchi, akashika brashi kwa mkono wa kushoto, ule ambao kwa miaka miwili hakuna aliyeuulizia. Akaichovya katika kopo, akaikung'uta ukingoni, akaishikilia juu ya kibao cheupe. Tone moja la rangi likaanza kukua kwenye ncha.

"Mwalimu," alisema, "niandike nani?"

Mwalimu Nakijwa akawatazama watatu wale, mmoja baada ya mwingine, na wote watatu walikuwa wanamtazama mtoto.

Na mimi hapa ndipo ninapoiachia brashi, niwakabidhini nyinyi. Siwema alimlisha, akanyamaza. Sengondo alimfundisha, akaficha. Eliamani alimfungulia mlango alioufunga mwenyewe, akalipa kwa jina lake. Mtoto amepiga magoti, mkono umeinuliwa, na tone li karibu kudondoka. Je, ni nani kati yao aliyestahili jina lake liandikwe na mkono ule?