Sheikh Aliyeomba Ruhusa ya Kumsema Jirani

Imepokewa kutoka kwa watu wa zamani, na kisa hiki wengi wenu mmekisikia kimekatwa mkia, mimi ninacho chote, kwamba palikuwa na mja mwema katika mji wa Kufa, jina lake Sheikh Muhrizi bin Ubada, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa saumu za sunna na kisimamo cha usiku, na akisimama mbele ya Mola wake alilia mpaka kifua cha kanzu kikalowa. Watu wa mtaa wake walimwita Mliaji, wakimtajia watoto wao kama mfano.

Lakini katika siku hizi ninazozisimulia, Sheikh Muhrizi alikuwa amechoka. Na uchovu wake haukuwa wa siku moja ukalala ukaamka umepona. Ulikuwa uchovu uliohamia mwilini na kufungua mizigo. Aliwahi kusinzia mkono ukiwa ndani ya bakuli la udhu, maji yakapoa, mkono ukakunjamana, na yeye bado yumo. Mkewe, Bi Hunaida, alikuwa akitembea na kitambaa amejifunga kichwani, amekikaza mpaka nyusi zimepanda juu, kwa maumivu ya kichwa yasiyokwisha.

Sababu ilikuwa jirani. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa kichochoro katika mtaa wa wafua shaba, imeshikana ukuta na nyumba ya fundi mmoja aitwaye Dhakwani. Ada ya mtaa ule ilikuwa kwamba fundi hufua sokoni, na nyundo hailetwi nyumbani. Wote waliishika ada hiyo isipokuwa Dhakwani. Kabla hata muadhini hajakohoa, ngo, ngo, ngo! Kila siku ya Mungu, kwa miaka. Ukuta ulitetemeka, vikombe vikacheza rafuni, na Bi Hunaida akavuta shuka mpaka juu ya kitambaa chake akasema, "Huyo ameshaamka."

Sheikh hakumwambia Dhakwani neno hata siku moja. Wakikutana kichochoroni alimsalimia vizuri, akamuulizia watoto, akapita. Alisema moyoni, huu ni mtihani, na mtihani malipo yake ni subira.

Basi Bi Hunaida akaishiwa. Siku moja aliketi juu ya mkeka, akaiweka sinia ya dengu chini kabla hajaichambua, akamwambia mumewe, "Baba Yahya, mimi sikudai dhahabu. Sikudai mtumishi. Nitafutie mahali nilale, nife nimelala."

Sheikh akatoka kwenda kutafuta nyumba.

Na mwaka ule, ndugu zangu, kutafuta nyumba Kufa ilikuwa kazi ya kumzeesha kijana. Mto ulikuwa umefurika, watu wa bondeni wamepanda juu na magodoro yao, na wafanyabiashara wa nafaka wamekuja kutoka Wasiti na mifuko yao. Nyumba zilizo karibu na msikiti mkubwa zikawa hazishikiki. Ukiuliza bei asubuhi, ukirudi adhuhuri imeshaota mbawa. Sheikh alizunguka mpaka kiatu kikaachia soli. Mwisho akaipata nyumba ndogo katika mtaa wa wasuka mikeka, ya mjane mmoja aliyetaka kuhamia kwa kaka yake Hijazi. Kisima chake kitamu, na mikeka, kama mjuavyo, husukwa bila kelele. Mjane akasema, "Sheikh, nakuwekea kwa ahadi yako. Mwezi wa Shaaban ukitoka hujauza yako, nampa mfanyabiashara wa ngano anayeitaka, maana msafara haunisubiri."

Sheikh akaahidi. Akamwendea dalali aitwaye Budaili, mtu wa maneno mengi na nia si mbaya, akamkabidhi nyumba yake aiuze.

Budaili alikuwa anaijua kazi yake. Aliwaleta wanunuzi wakati wa dhuha, Dhakwani ameshakwenda sokoni na kichochoro kimenyamaza kama makaburi. Aliwapitisha uani huku anahubiri: "Tazameni kivuli hiki. Muadhini akikohoa mnamsikia. Na watu wa mtaa huu wanajuliana hali! Ukipika, jirani ameonja. Ukifiwa, hujanyanyuka wameshaleta maji ya kuoshea."

Wanunuzi walitabasamu. Kisha mmoja wao alimgeukia mwenye nyumba na kuuliza lile swali ambalo kila mnunuzi tangu zama za Nabii Nuhu huliuliza: "Mbona unauza?"

"Nimechoka," alijibu Sheikh Muhrizi.

"Umechoka na nini?"

Hapo Sheikh alifunga mdomo. Akatazama chini. Akavuta uradi wake.

Mnunuzi wa kwanza akatoka. Wa pili akauliza swali lile lile, akapewa kimya kile kile, akatoka anarudi kinyumenyume. Kwa wiki ile ikasemwa sokoni kwamba nyumba ya Mliaji ina jini. Na jini likishaingia katika maneno ya watu, bei inatoka kwa mlango wa nyuma. Thamani ikashuka, ikashuka tena, na mwezi wa Shaaban ukazidi kukonda.

Budaili akaja amekasirika, kilemba upande. "Sheikh wangu, unaniua! Sema paa linavuja. Sema unahamia kwa mwanao. Sema chochote!"

"Paa halivuji."

"Basi sema kweli! Sema jirani anafua shaba alfajiri."

"Hiyo ni ghiba, ni kumsengenya mtu."

"Na kunyamaza?"

"Kusema hapana kitu ni ghushi, ni kumhadaa mnunuzi. Ndiyo maana nanyamaza."

Dalali akajishika kiuno. "Wanazuoni wameruhusu, Sheikh. Mnunuzi anatahadharishwa, haina neno. Hata mimi nisiyesoma najua."

Sheikh Muhrizi akamwinulia macho yaliyoiva kwa kukosa usingizi. Kisha akasema maneno ambayo, wallahi, kama angeyasema mimbarini watu wangeyaandika: "Wameruhusu kwa mtu mwenye moyo safi, Budaili. Mimi kila ninapokaribia kumtaja Dhakwani naona utamu hapa, chini ya ulimi. Miaka yote hii nimeutunza utamu huo. Siogopi kumsema. Naogopa raha nitakayoipata."

Budaili akaweka sawa kilemba chake, akaenda zake.

Usingizi haukumjia Sheikh siku ile wala iliyofuata. Akatafakari, akaona njia ni moja tu. Baada ya Alasiri akavaa kanzu safi, akaenda kubisha hodi kwa Dhakwani. Ndiyo mara ya kwanza kuugonga mlango ule.

Dhakwani alifungua akiwa na kikombe mkononi, mtu mnene, vidole vyeusi kwa shaba. Akashtuka. "Sheikh! Kuna msiba?"

"Hapana msiba. Nimekuja kukuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini? Karibu, karibu ndani."

Sheikh akaketi. Akakohoa. "Ruhusa ya kukusema."

Dhakwani akatua kikombe. "Kunisema kwa nani?"

"Kwa mnunuzi. Ninauza nyumba. Wananiuliza sababu, na sababu ni wewe. Sitaki kukusengenya, wala sitaki kumhadaa mtu. Ukiniruhusu, nitasema mbele yako na nyuma yako neno moja lile lile, sitazidisha."

"Neno gani hilo?"

"Kwamba unafua kabla ya alfajiri, na mke wangu amekuwa kama kivuli."

Dhakwani alimtazama Sheikh kwa muda mrefu, kisha uso wake mpana ukaanza kubadilika, si kwa hasira, bali kama mtu aliyeambiwa amevaa nguo kinyume tangu sikukuu iliyopita.

"Mnasikia?" akauliza.

"Vikombe vinasikia, Dhakwani."

"Na hukunijia siku zote hizo?"

"Nilivumilia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

"Subhanallah," akasema Dhakwani. Akajifuta uso kwa mkono mweusi, akaacha alama shavuni. "Sheikh, na mimi nikuombe ruhusa."

"Ya nini?"

"Ya kukusema wewe. Kwako mwenyewe, si kwa mtu mwingine."

Sheikh akaitikia kwa kichwa, kumpa idhini.

"Tunalala nyuma ya ukuta huu. Wewe unaswali mbele ya ukuta huu huu. Usiku ukiingia thuluthi ya mwisho, unaanza kulia. Na kilio chako, Sheikh, nisamehe, si cha mtu mmoja. Ni cha matanga. Binti yangu mdogo alikuwa akiamka anatetemeka ananiuliza, 'Baba, nani anampiga Sheikh?' Nikimwambia hapigwi, anaswali, anasema, 'Basi mbona anaomba asamehewe?' Nifanyeje? Nikuendee nikuambie punguza kumwogopa Mola wako? Nani mimi, mfua masufuria? Nikaona nichukue nyundo. Mtoto akisikia nyundo anajua ni baba yake, analala. Ndiyo nikazoea. Unadhani napenda? Nimechoka, Sheikh. Sokoni nasinzia juu ya tanuri, nimeshaunguza ndevu mara mbili."

Na kweli, Sheikh akamtazama kwa karibu, akaona ndevu za Dhakwani upande mmoja fupi kuliko mwingine, na chini ya macho yake mifuko ile ile aliyokuwa akiiona kwa mkewe.

Sheikh Muhrizi aliinamisha kichwa. Alikuwa amekwenda mahali pengine ndani ya nafsi yake, mahali ambapo mtu huenda peke yake. Alikumbuka kwamba zamani, alipokuwa kijana, alikuwa akilia kimya. Kisha siku moja mtu mmoja msikitini alimwambia, "Tulikusikia jana, Mungu akutakabalie," na tangu siku hiyo sauti ikapanda kidogo. Halafu kidogo tena. Akamuomba Mola amsamehe, safari hii bila kusogeza midomo.

"Nakupa radhi," akasema mwishowe, "na ninakuomba radhi."

"Tumesameheana," akasema Dhakwani, akamsogezea kile kikombe. "Kunywa basi, kinapoa."

Usiku ule Sheikh aliswalia katika chumba cha mbali, kule kwenye magunia ya shayiri, na machozi yake yakashuka bila kumjulisha mtu. Nyundo haikulia. Bi Hunaida aliamshwa na adhana, akaketi kitandani ameshika kichwa chake kama anayetafuta kitu kilichopotea.

"Baba Yahya," akanong'ona, "Dhakwani amefariki?"

Asubuhi Budaili akaja mbio na mnunuzi, kijana mmoja aitwaye Ghailani, na mkewe mwenye mimba kubwa, waliofukuzwa na mafuriko. Dalali alikuwa ameshapata habari za mapatano, akamvuta Sheikh kando. "Sasa mambo yametengenea! Nyundo imekwisha, aibu ya nyumba imekwisha. Ukiulizwa, huna la kusema. Halali kabisa. Na bei tunairudisha juu."

Ghailani akauliza, kwa haya: "Sheikh, watu wanasema humu kuna jini. Mke wangu anaogopa. Ni kweli?"

Sheikh Muhrizi akaona mlango umefunguliwa mpana, wa kutokea bila dhambi wala hasara. Angesema hapana, na ingekuwa kweli tupu. Akamtazama mke wa Ghailani amesimama kwa taabu, mkono mgongoni, amechoka uchovu alioutambua vizuri.

"Kweli, lilikuwepo," akasema.

Budaili akafumba macho.

"Jini lilikuwa mimi. Nilipiga kelele za ibada usiku, jirani akapiga nyundo ili mwanawe alale, na kila mmoja akamvumilia mwenzake mpaka tukakaribia kufa. Jirani ni mtu mwema, nyundo ameitua. Kasoro ya nyumba hii ilikuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anahama. Lakini mtu akikwambia usiku humu palikuwa na kelele, jua amesema kweli, usije ukasema Muhrizi alikuficha."

Mke wa Ghailani akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Tuichukue," akamwambia mumewe. "Nyumba ambayo mwenyewe anajisema hivi, kitu gani kingine kitakuwa kimefichwa?"

Wakaichukua, kwa bei ile ile iliyoshushwa na jini, kwa kuwa Sheikh alikataa kuipandisha.

Jioni Bi Hunaida alikuwa anafunga vyombo. Kitambaa kichwani hakipo. Akaketi juu ya bunda la nguo, akasikiliza kimya cha ukuta, kimya alichokiota miaka, akasema taratibu, "Sasa pametulia, ndiyo tunahama."

"Nimempa mjane ahadi," akasema Sheikh. "Ngamia wake ameshakodiwa."

"Najua," akasema mkewe. "Nasema tu." Akanyanyuka, akaendelea kufunga.

Walipofika mtaa wa wasuka mikeka, hawajashusha hata mtungi, Sheikh alimwacha mkewe kivulini akaenda kugonga mlango wa jirani wa ukuta mmoja. Akafungua bibi mzee, mgongo umepinda, mdomo hauna meno.

"Assalamu alaikum. Mimi Muhrizi, jirani yako mpya. Nina kawaida ya kulia ninaposwali usiku. Nimejaribu kuipunguza, lakini nafsi ni nafsi. Nikizidisha, tafadhali usinivumilie. Gonga ukuta."

Bibi akamtazama kutoka juu mpaka chini, kisha akasema, "Waalaika salamu, mwanangu. Mimi nina jogoo, na hana adabu. Na wewe gonga."

Ndugu zangu, mja anaweza kukaa miaka akidhani anasubiri, kumbe anamnyima jirani yake neno moja ambalo lingewalaza wote wawili. Subira ni ibada, na kumwendea mwenzako mlangoni kwa neno laini nako ni ibada, tena pengine ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa ukifika mlangoni unaweza kuambiwa habari zako. Tunamuomba Mola atujaalie majirani wanaobisha hodi, na sisi atupe moyo wa kufungua.