Nyota Iliyomkonyeza Kinyonga

Paukwa!
Pakawa!
Jicho!
La nani?
La Kinyonga!
Latazama wapi?
Kwingine!

Haya, sogeeni motoni. Wewe unayetafuna, tafuna kwa siri.

Hapo kale, kale ya kale, mihogo ilipokuwa ikijimenya yenyewe, alikuwapo Kinyonga kapera. Alimposa Mjusi, akaambiwa, "Unatembea kama mtu aliyesahau anakokwenda." Alimposa Kenge, akaambiwa, "Leo kijani, kesho kahawia, nitamjuaje mume wangu?" Alimposa Chura, naye Chura akacheka mpaka akaanguka dimbwini. Kinyonga aliumia moyo. Akarudi mtini kwake, akakaa peke yake.

Jioni moja vyura walipoanza kuimba, jicho lake la kushoto likitafuta nzi, la kulia lilikuwa limetangatanga hadi mbinguni. Likaona nyota moja. Nyota ikafifia kidogo, kisha ikang'aa tena.

"Amenikonyeza!" akasema Kinyonga.

Jioni ya pili vyura wakaimba, akakonyezwa. Jioni ya tatu vyura wakaimba, akakonyezwa. Kinyonga akageuka rangi zote alizojaliwa na nyingine ya kuazima. Kulipokucha akatangaza, "Naoa mbinguni! Mwezi ukipevuka, pilau kwangu!"

Fisi aliposikia pilau aliacha kula, ili abakize nafasi. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu akaanza kuona miti kama mapaja. Akamwendea Kinyonga.

"Bwana harusi, siku hiyo nisipokuta pilau, nitakula nitakachokikuta. Na nitakukuta wewe."

Kinyonga akamtuma Popo awe mshenga wake. Popo akaruka, akaruka, akaruka, akarudi ulimi nje.

"Kwa mchumba wako ni mbali! Kila nikidhani nimefika, nakuta bado niko kwetu."

Basi Kinyonga akatoka mbio kwenda kwa shangazi yake, Kobe. Mbio zake mnazijua: alifika kesho yake. Undugu wao msiniulize, ngano hii nimeikuta hivi hivi.

"Shangazi, nitaliwa!"

"Utaliwa baadaye. Kwanza, nani kakukonyeza?"

"Nyota. Kila jioni, vyura wakianza kuimba."

"Kila jioni? Hakosi?"

"Hakosi."

Shangazi akaguna. "Mwanangu, mwanamke anayekonyeza kwa ratiba ana shughuli nyingine."

Wakaanza kuchunguza. Jioni ya kwanza Kinyonga akajificha chini ya jani la mgomba. Vyura wakaimba, nyota ikakonyeza jani. Jioni ya pili akakaa Popo, kichwa chini miguu juu. Vyura wakaimba, nyota ikakonyeza. Jioni ya tatu, ambayo ndiyo ya mwezi mpevu, akakaa Fisi. Vyura wakaimba.

"Nimekonyezwa!" Fisi akaruka. "Naoa mimi!"

"Kaa chini," akasema Shangazi. "Nyota gani hii, inakonyeza jani, popo na fisi, wote kwa kipimo kimoja?"

Akawasha koroboi. Nondo akaja, akaanza kuizunguka. Akipita mbele, mwanga ukapungua kidogo. Akipita nyuma, mwanga ukarudi. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Macho ya Kinyonga, ambayo tangu azaliwe hayajawahi kukubaliana, yakakutana kwa yule nondo.

"Shangazi! Hakonyezi. Kuna kitu kinampita usoni!"

"Mtoto wake huyo. Anaitwa sayari."

"Mtoto! Kazaa na nani?"

"Na vumbi. Nyota alizaliwa usiku, na usiku hatufagii, tusije tukafagia na baraka. Basi vumbi la uzazi likabaki, likimzunguka. Vumbi likashika vumbi, likawa kokoto. Kokoto likashika kokoto, likawa jabali. Jabali likameza jabali, likawa sayari."

"Likameza?" akasema Fisi. "Huyo ndugu yangu wa damu."

Kinyonga akalia, jicho moja kwanza, kisha la pili. Alikuwa amempenda kweli. Na hapo ndipo mwezi mpevu ulipochomoza, na tumbo la Fisi likanguruma.

"Harusi hakuna," akasema Fisi, na kinywa akakifungua.

Kinyonga akageuka rangi ya koo la Fisi. "Ngoja! Harusi hakuna, lakini mtoto yupo! Mtoto akizaliwa hufanyiwa nini?"

Fisi akafikiri. Mawazo yake hupitia tumboni, kwa hiyo yalifika upesi. "Akika!"

"Na kwenye akika kunaliwa nini?"

"Pilau!"

Pilau ikapikwa. Fisi akala, akalala, akaamka akala. Ukafika wakati wa kumpa mtoto jina. Popo akasema aitwe Chini-Juu. Fisi akasema aitwe Paja. Shangazi akawanyamazisha. "Jina hutolewa na aliyemwona kwanza."

Kinyonga akatazama juu, kwa macho yote mawili. "Aitwe Wa Kambo," akasema.

Ndiyo maana mpaka leo jicho moja la Kinyonga hutafuta nzi, na la pili hutafuta watoto wa nyota. Wa Kambo amekwisha kupata mdogo wake, na Fisi anaulizia akika.

Funzo ni hili: ukikonyezwa, usikimbilie kupika. Angalia kwanza kama hajamkonyeza na jirani.

Ngano yangu imefika ukokoni, na ukoko ndio niliopewa mimi siku ile. Ikiwa tamu, mmeikoleza nyinyi kwa kuitikia. Ikiwa chungu, lawama apewe nondo. Nendeni mkalale, na wewe, weka ufagio chini. Ni usiku. Huenda kuna dunia inaanza chini ya mkeka.