Mkono wa Fundi Anyitike

“Gari likiinuliwa, fundi huuona mkono wake.” Mmeyasikia maneno hayo leo gereji, mkaja kuniuliza yalikotoka. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na ilianza na gari langu mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa nesi wa zahanati, nje kidogo ya Tukuyu. Nilikuwa nimenunua Mbeya gari la spoti la zamani, jekundu, la milango miwili. Nililipenda sana, ila lilikaa chini mno. Kila jiwe la barabara yetu lilikwaruza tumbo lake. Nikalipeleka kwa fundi Anyitike, mtu mpole aliyeaminiwa na mji mzima, aliinue kwa springi ndefu na shokapu mpya.

Akalipandisha kwa jeki, akaingia uvunguni kukwangua tope. Nikamsikia akikwangua, kisha akaacha ghafla. Alipotoka, uso ulikuwa umempauka.

“Nesi, gari hili umeliendesha muda gani?”

“Miezi minane.”

“Unapanda na nani?”

“Na wanangu. Nawapeleka shule kila asubuhi.”

Akakaa chini palepale, kwenye oili.

“Haya ni magari mawili,” akasema. “Mbele ni la ajali moja, nyuma ni la ajali nyingine. Yameunganishwa chini ya viti mlivyokalia.”

“Umejuaje?”

“Nimeyachomelea mimi.”

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza kwamba miaka kumi na moja nyuma, alipokuwa kibarua Mbeya, tajiri wake alimwambia gari lile litasimamishwa mbele ya hoteli kama pambo, halitatembea kamwe. Hakuuliza zaidi. Akaunganisha, akapaka rangi.

Nikainama nikachungulia. Akagusa mshono kwa bisibisi, na bisibisi ikazama kwenye kutu kama kwenye muhogo uliooza. Nusu ya mshono ilikuwa imekwisha kuachia. Jana yake tu nilikuwa nimeteremka mlimani kwa kasi, watoto wakiimba nyuma yangu.

“Yapo mengine?” nikamuuliza.

“Mawili,” akasema.

Siku ileile alilikata gari langu vipande mbele ya watu, asije mtu akaliuza tena, na kila aliyeuliza alimwambia kazi ile ni yake. Kesho yake akafunga gereji, akaenda Mbeya kuyatafuta yale mawili. Moja alilipata Uyole, likiwa bado linabeba abiria, naye akaliinua kwa jeki mbele ya mwenyewe, akamwonyesha mshono. La pili alilitafuta mpaka uzeeni. Hakulipata.

Ndiyo maana mafundi wa hapa, mmoja wao akitaka kulipua kazi mahali pasipoonekana, humwambia taratibu tu: gari likiinuliwa, fundi huuona mkono wake.