Ruta Moja, Waganga Wanne

Mgonjwa wa waganga wanne hafi wala haponi.

Wanafunzi wa kidato cha pili waliisikia methali hii jikoni mwa shule, siku viranja wanne walipotia chumvi katika sufuria moja ya maharage, kila mmoja kwa wakati wake na kwa nia njema kabisa. Mpishi aliitamka, akamwaga maharage, akaenda zake. Wanafunzi walirudi bwenini na njaa yao, wakamuuliza matroni wao, Bi Saumu, maneno hayo yalitoka wapi. Bi Saumu alivuta kiti, akakaa taratibu kama mtu anayetoa hukumu, akawaambia kuwa asili yake ni hii.

Mjini Tanga, mtaa wa Makorora, aliishi mkunga mmoja aitwaye Mwanaidi Singano, nyumbani kwa baba yake. Kwa miaka sita alikuwa akiomba nafasi ya kusomea ukunga wa ngazi ya juu, na mwaka huo hatimaye akaitwa kwenye usaili. Usaili ulikuwa wa kwenye kompyuta, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, yeye akiwa chumbani kwake na wasaili watatu wakiwa mji wa mbali. Barua ya wito ilikuwa na masharti mawili. Mwombaji akipotea kwenye kioo kwa zaidi ya dakika mbili, usaili wake umekwisha. Na aliyefikisha miaka thelathini na sita asijisumbue kuomba. Mwanaidi alikuwa na miaka thelathini na mitano na miezi tisa, kwa hiyo kwake yeye hapakuwa na mwakani.

Tabu ni kwamba intaneti ya nyumba ile ilikuwa ikikatika. Ingekatika moja kwa moja ingekuwa afadhali, maana maiti huzikwa, watu wakaendelea na shughuli zao. Hii ilikatika ikarudi, ikarudi ikakatika, mara saa mbili asubuhi, mara saa kumi alasiri, bila utaratibu wala aibu.

Kampuni ilileta fundi. Fundi alikagua waya kutoka nguzoni hadi kwenye ruta, kile kiboksi cheusi chenye taa tatu za kijani kilichokaa kwenye rafu ya ukumbini na kuigawia nyumba nzima intaneti. Alisema laini ni nzima. Kisha, akiwa mlangoni, bisibisi ikimchungulia mfukoni, aliwapa watu wote dawa kwa pamoja: "Ikisuasua, izimeni, hesabuni mpaka kumi, muiwashe."

Watu wote walikuwa wanne. Palikuwa na Mzee Singano mwenyewe, aliyekuwa mkuu wa stesheni ya reli kabla ya kustaafu. Palikuwa na Shangazi Mwanahamisi, mshonaji, aliyejifunza mitindo mipya ya magauni kwa kutazama video. Palikuwa na Hemedi, mdogo wake Mwanaidi, aliyejua kila kitu. Na Mwanaidi.

Fundi alipoondoka, Mwanaidi alitoa amri. "Mpaka Alhamisi, mtu asinigongee mlango. Nasoma. Jambo dogo lolote limalizeni wenyewe kwa wenyewe."

Mzee Singano, ambaye maisha yake yote aliheshimu amri zilizoandikwa, aliiandika hiyo kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni.

Lakini mtandao haukusoma tangazo. Mwanaidi akajifunga kibwebwe. Alinunua waya mpya wa ruta, na intaneti ikakatika. Alikihamisha kile kiboksi mbali na friji, ikakatika. Alibadilisha nywila ili majirani wasiivute, na majirani wawili wakaacha kumsalimia, lakini intaneti ikakatika vilevile. Hapo akafanya kama afanyavyo wodini mgonjwa asipoeleweka: akafungua daftari. Siku tatu aliandika kila ilipokatika na kila iliporudi. Alipoizima na kuiwasha mwenyewe, aliweka herufi M pembeni. Alisoma kurasa zile hadi macho yakamuuma, asione kitu ila kwamba mara ilipotea dakika nne, mara nane, na siku moja kumi na mbili.

Jumapili wengine wote walikwenda harusini Muheza. Mwanaidi alibaki, akawasha kompyuta aongee na rafiki yake wa kazini, akawa anakuna nazi karibu na mlango. Picha ikaganda. Alitaka kukimbilia ruta, lakini mikono ilikuwa imejaa nazi, na alipomaliza kunawa akakuta rafiki yake anaendelea kusimulia umbeya wa wodini kama kawaida. Sekunde ishirini. Akaandika.

Mara ya pili mikono ilikuwa mikavu. Alikwenda, akazima, akahesabu mpaka kumi, akawasha. Taa za ruta zilipepesa, zikasita, zikatafuta njia. Dakika nne.

Mara ya tatu alikaa juu ya viganja vyake makusudi. Sekunde kumi na tisa, rafiki yake huyo karudi.

Mwanaidi alitazama daftari upya, na safari hii lilimtazama pia. Ugonjwa ulikuwa wa sekunde ishirini. Zile dakika nne zililetwa na mkono wa mtu. Nane zililetwa na mikono miwili, wa pili ukifika kabla ruta haijaamka kutoka kwa wa kwanza. Na kumi na mbili? Hapo akacheka peke yake, kicheko kisicho na furaha. Yeye mkunga, anayewafokea wanagenzi kwamba uchungu ukituama kidogo usikimbilie mkasi, tazama kwanza.

Jumatatu jioni, wakati wa taarifa ya habari, aliacha mlango wa chumba umefungwa na yeye akajibanza nyuma ya pazia la stoo. Haikupita muda, habari ikaganda sebuleni. Mzee Singano akatokea ukumbini akinyata, kandambili mkononi. Akazima. Akahesabu kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, mpaka kumi. Akawasha, akarudi.

Dakika mbili baadaye akaja Shangazi na sindano mdomoni. Alizitazama taa zinazopepesa, akatikisa kichwa kwa huruma, akazima, akahesabu, akawasha. Hakuwa amefika mbali, Hemedi akatokea bafuni na povu sikioni, akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Iache," alisema Mwanaidi.

Hemedi aliganda kuliko picha yoyote. Wengine walirudi mbio.

"Unafanya nini hapo, Hemedi?" aliuliza Mzee Singano.

"Anafanya ulichofanya wewe, Baba, kabla ya Shangazi kukirudia," alisema Mwanaidi.

Mzee alivaa kandambili zake polepole. "Nilikuwa nakusaidia, mwanangu. Ulisema mambo madogo tuyamalize wenyewe. Tangazo lipo."

"Mimi nimeigusa leo tu," alisema Shangazi.

"Leo mara ya tatu, Shangazi," alisema Hemedi. "Nasikia swichi, nadhani panya."

"Panya ni wewe unayemaliza maandazi. Na hicho kidole kilikuwa kinakwenda wapi, kupiga mswaki?"

Mwanaidi aliwapa daftari. Mzee Singano alilisogeza kwenye taa akalisoma kama alivyokuwa akisoma kitabu cha treni, kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hii M ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Ziko ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Sisi watatu tumefikisha ngapi?"

"Kumi na saba, nyote pamoja, kwa hesabu ya dakika nne kila mkono."

Shangazi alitoa sindano mdomoni. "Kumbe anayesaka mwizi ndiye kiongozi wa wezi."

Mwanaidi hakubisha. "Tusikilizane," alisema. "Hiki kiboksi husinzia, kisha huamka chenyewe. Alhamisi kikisinzia nitapona. Kikizimwa nimekwisha. Kuanzia sasa asikiguse mtu."

"Hata kufuta vumbi?" aliuliza Hemedi.

"Hata vumbi."

"Basi nani anakitibu?" aliuliza Mzee Singano.

"Hakuna."

Mzee alilipokea neno hilo kwa shida. Kwa miaka arobaini, treni ikisimama katikati ya stesheni mbili, ilikuwa lazima mtu afanye jambo, hata kama jambo lenyewe ni kupuliza filimbi.

Jumanne na Jumatano walivumilia. Habari iliganda, mdomo wa mtangazaji ukiwa wazi, na wote wakakaa wakiutazama mpaka ukafunga. Hakuna aliyepoteza zaidi ya nusu dakika. Hata hivyo Shangazi alishona mkono wa gauni kinyume kwa sababu ya fadhaa.

Alhamisi saa nne wasaili walitokea kwenye kioo. Swali la kwanza lilikwenda vizuri, na la pili pia. Katika la tatu, Mwanaidi alikuwa akieleza jinsi ya kumhudumia mzazi anayevuja damu, na sauti ikakatika. Nyuso tatu ziliganda.

Miguu yake ilisimama yenyewe. Kutoka kitini hadi kwenye rafu palikuwa na hatua kumi na mbili, na mwili wake ulizijua zote. Akajikalisha kwa nguvu, akashika kingo za meza, akahesabu. Alipofika kumi na tano alisikia kandambili ukumbini, zikija. Hakuweza kupaza sauti, kwani huenda wasaili wangerudi wakati huohuo na kumsikia akimfokea baba yake mzazi. Kumi na nane. Kandambili zikafika usawa wa rafu. Ishirini na moja. Hakuna kilicholia, swichi wala sauti ya mtu. Ishirini na sita.

"Bi Singano, tulikupoteza kidogo," alisema msaili mkuu. "Bado uko nasi?"

"Nipo," alisema Mwanaidi, akaendelea palepale alipoishia, kwa yule mzazi na damu yake.

Saa tano kasoro alifungua mlango. Mzee Singano alikuwa amesimama mbele ya ruta, mikono nyuma, mmoja umeukamata mwingine kifundoni. Shangazi alikuwa amelishika shati lake kwa nyuma. Hemedi alikuwa ameishika kanga ya Shangazi.

"Nilikuja kuiangalia tu," alisema Mzee.

"Wamesema nikaripoti Januari, Baba."

Mzee Singano alizitazama zile taa tatu za kijani, zimetulia, hazimdai mtu shukrani, kisha akaiachia mikono yake taratibu.

"Nasi tulikuwa tunaizidishia ugonjwa kwa dawa," alisema. "Kumbe mgonjwa wa waganga wanne hafi wala haponi."