Mlikuwa Mnamsitiri Nani

Kaeni vizuri, wapendwa, na wa nyuma wazime simu, maana leo nina habari za simu.

Walikuwepo watu waliojitolea kutengeneza programu. Hawakulipwa, na wengi wao hawakuwahi kuonana. Kazi ya programu ilikuwa moja: dawa ya kifafa ikifika zahanati, mgonjwa anapata ujumbe kwenye simu, "Dawa imefika, njoo." Mnazijua zahanati zetu. Mtu anatembea tangu alfajiri, anaambiwa dawa hakuna, anarudi zake. Programu ile iliwapumzisha watu miguu. Na utaratibu wao ulikuwa mzuri: kasoro yoyote iliandikwa kwenye ukurasa wa wazi mtandaoni, kila mmoja aisome, anayeweza airekebishe.

Mmoja wao, wa Mbeya, akagundua kasoro. Jina lenye ng', ile yenye kialama juu kama ya ng'ombe, programu ililiruka. Mwenye jina hilo hapati ujumbe. Sehemu ile ilikuwa imeandikwa na mwanzilishi wao, mtu wa heshima zake. Huyu wa Mbeya akawaza, nikiweka ukurasani nitamwaibisha kaka wa watu. Akamfuata pembeni.

"Shikamoo kaka. Samahani, majina yenye ng' hayapati ujumbe. Nimeona nikwambie wewe tu."

"Marahaba mdogo wangu. Asante, umenisitiri. Niachie, nitaliweka sawa kimyakimya."

Mnaona ubaya hapo? Adabu tupu. Basi yule mwanzilishi akabanwa na kazi yake ya mshahara, mara msiba, mara mtoto kaugua, jambo likampitia. Ukurasani kukawa shwari, kama vile hakuna kitu.

Sasa kule Usukumani, ng' zimejaa kwenye majina. Kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Ng'washi, mgonjwa wa kifafa. Vidonge vyake vikaisha. Jirani akamwambia, "Si uende tu ukaulize?" Akajibu, "Mwanangu kanikataza kujisumbua. Amesema simu itaniita." Dawa ikafika, ikakaa kabatini zahanati. Yule mama akakaa nyumbani na simu yake kwenye pindo la khanga. Kifafa kikamkuta jikoni akiwa peke yake, akaangukia moto. Hakupona.

Na mwanawe alikuwa nani? Alikuwa mmoja wa wale wale waliojitolea. Ukurasa ule aliusoma kila asubuhi.

Msibani wakaja wote wawili, mwanzilishi na yule wa Mbeya. Wakashindwa kula. Mwisho mwanzilishi akasema, "Ndugu yetu, ile kasoro tulikuwa tunaijua. Tulikuwa tunasitiriana."

Mwana akawatazama. "Ningeiona ukurasani, hata kama nisingeweza kuirekebisha, ningempigia mama simu tu. Mama, nenda. Basi. Mlikuwa mnamsitiri nani?"

Ninyi mngemjibu nini?

Na asiniambie mtu kwamba Maandiko yanasema umwonye ndugu yako mkiwa wawili peke yenu. Yanasema hivyo akikukosea wewe. Lakini lori likikwama kwenye kona, tunakata matawi tunayalaza barabarani, wote wanaokuja wayaone. Hatumnong'onezi dereva peke yake ili asione haya.

Sisi hapa tumezidi. Kwenye kikao tunaitikia, sawa, sawa, halafu maneno yenyewe tunayasemea nje, wawili wawili, nyuma ya choo. Tunaona huo ndio upendo. Mama Ng'washi hakuuawa na watu wabaya, wapendwa. Waliomuua walikuwa watu wawili wenye adabu, na inaniuma kusema, wanafanana sana na sisi.

Kwa hiyo leo, mwenye kasoro anayoijua katika kazi yetu, asinivizie mlangoni tukitoka. Asimame hapo hapo alipo, aiseme, sote tusikie. Mimi nakaa hapa. Nasubiri.